Neno la Siri la Wifi

Wifi yangu ana vitu viwili ambavyo hataki viguswe: mkasi wake wa kukatia nyuzi, na kompyuta anayoiita Mzee. Ukigusa mkasi atakufokea. Ukimgusa Mzee atanyamaza, na sisi tunaomjua tunaona afadhali kufokewa.

Mzee anakaa chumba cha nyuma cha karakana yetu, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulivunjika siku nyingi na sasa umeegemezwa kwenye katoni ya nyuzi. Zamani alikuwa mweupe. Siku hizi ana rangi ya meno ya mvuta sigara, na kioo chake ni cha aina ile yenye kisogo kikubwa, ambacho ukitaka kukihamisha unaita watu wawili na kuwaomba radhi mapema. Wifi amemfumia kitambaa cha kumfunika asiingie vumbi. Kazi ya Mzee ni moja tu: kuiambia mashine ya kudarizi ichome sindano wapi na itumie uzi wa rangi gani. Mashine yenyewe ina vichwa sita na kelele za mvua ya mawe juu ya bati, na haimsikilizi mwingine. Walinunuliwa pamoja, wakafungwa pamoja, na kampuni iliyowaunganisha ilishafunga milango zamani.

Chumba cha mbele ni changu. Nina kaunta, kiti cha wateja, na laptopu mpya ninayochorea nembo na maua ambayo baadaye yanadariziwa. Kati yangu na wifi kuna ukuta mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku unajibiwa kule. Tumefanya kazi na kugombana kupitia ukuta huo kwa miaka ishirini na kitu. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu. Mume wangu tunamwita Mkurugenzi, kwa sababu alipochapisha kadi zake za biashara alijiandikia cheo hicho na hapakuwa na wa kumpinga. Wafanyakazi wote ni mke wake na dada yake.

Wifi hakuanza na mashine. Alianza na sindano ya mkono, dirishani kwa mama yake, akidarizi foronya na vitambaa vya meza vya majirani. Kisha akaolewa mbali. Ndoa hiyo haizungumzwi nyumbani. Ninachojua ni kwamba alirudi na sanduku moja na cherehani moja, akasema hataki maswali. Na bahati ilivyo na utani mbaya, alirudi wakati uleule ambao mimi naingia nyumba ile kama bibi harusi. Watu wananipokea kwa vigelegele mlangoni, yeye yuko uani anatafuta pa kuweka sanduku lake.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angejua kwamba hatutapendana, na hatukupendana. Alisema mchuzi wangu ni maji ya kunawia. Nikasema basi anawe. Alisema naongea sana. Nikasema ni kwa sababu kuna watu humu wanaonuna, lazima mmoja wetu apunguze ukimya. Mkurugenzi alikuwa akitoka kazini anapitia kwanza kwa rafiki zake, akingoja tuchoke. Wiki ya pili tu akapata hiyo mashine kutoka kiwanda kilichokuwa kinahama, pamoja na Mzee, ili dada yake apate cha kufanya na mimi nipate pa kupumulia.

Hapo ndipo wifi alipofunguka. Sijapata kumwona mtu akimpenda chuma namna ile. Alijifunza kupaka mafuta, kubadilisha sindano, kusikia kwa sikio tu kwamba kichwa cha nne kinataka kukata uzi. Na kila asubuhi, mpaka leo, anafanya mambo kwa utaratibu uleule. Anavua kitambaa, anakikunja mara nne, anabonyeza kitufe, anamngoja Mzee akohoe na kuwasha macho. Halafu Mzee anamuuliza neno la siri. Wifi anainama, anaziba kibodi kwa kifua na mabega yote, anaandika. Hakuna aliyewahi kulijua neno hilo. Niliwahi kumuuliza, akaniambia ni jambo la kati yake na Mzee, na kwamba mchuzi wangu unaungua.

Michoro yangu ilikuwa ikimfikia Mzee kwa diski, zile za plastiki za mraba. Naweka mchoro, naipeleka diski nyuma, wifi anamlisha Mzee. Basi mwaka huu kile kinywa cha kulia diski kikakata roho. Flashi Mzee hana pa kuichomeka. Alizaliwa kabla yake. Tukabaki mimi na michoro yangu upande huu, wifi na mashine yake upande ule, na kazi kubwa mkononi: shule moja mpya imetuletea masweta ya wanafunzi wote, na nembo yao, yenye kitabu na jua na ndege ambaye mimi namwona ni kuku, imo ndani ya laptopu.

Mkurugenzi alivumilia, kisha akachoka. Alituita kwenye kaunta akiwa amevaa shati lake la mikutano. Akasema kuna bwana wa vyuma chakavu atapita Ijumaa. Kama mpaka siku hiyo nembo ya shule haijapita kutoka kompyuta mpya kwenda kwa Mzee, basi Mzee na mashine wote watapanda mkokoteni, masweta yatapelekwa kwa watu wengine, na chumba cha nyuma kitakuwa cha fotokopi. Dada yake asiwe na wasiwasi. Amefanya kazi ya kutosha, sasa atapumzika.

"Nitapumzika nifanye nini?" wifi akauliza.

Aliuliza kwa sauti ndogo. Wifi hana sauti ndogo. Miaka yote ile sikuwahi kuisikia. Mkurugenzi akaangalia viatu vyake, akasema atajua tu la kufanya, akaondoka. Mimi nilipaswa kufurahi. Ukuta ungenyamaza, ningechora kwa raha zangu. Badala yake nilishikwa na hasira, na usiku huo Mkurugenzi alikula chakula chake akiwa ameketi na mtu aliyenuna kuliko dada yake.

Asubuhi nikamwita Zima-Washa. Huyo ndiye fundi wetu wa kompyuta, baba mtu mzima mwenye mfuko mdogo na tumbo kubwa. Tumempa jina hilo kwa sababu umweleze ugonjwa wowote, dawa yake ya kwanza ni kuzima na kuwasha. Nimtendee haki: mara nyingi dawa inafanya kazi. Alitoboa ukuta wetu, akapitisha waya kutoka laptopu hadi kisogoni kwa Mzee, ambako kuna tundu lililokuwa limekaa bure miaka yote. Akachomeka. Laptopu ikachungulia kwenye waya na kusema haioni mtu upande wa pili. Akazima, akawasha. Haioni mtu.

Akakaa chini na kutueleza. Alisema kompyuta zikitaka kupeana mafaili zinaongea lugha, na Mzee anaongea ile ya zamani zake. Hizi mpya zinaijua vizuri sana, ila waliozitengeneza wameizima humo ndani, kwa sababu wezi nao waliijua. Ataiwasha, lakini kila mara laptopu itakapokuwa inaongea na Mzee, lazima ikatwe na intaneti, ili mtu wa nje asiingie na yeye kwenye mazungumzo.

"Kumbe wanamfahamu, wanajifanya hawamfahamu," wifi alisema. Akaongeza kwamba watu wa namna hiyo anawajua, na akanitazama mimi.

Zima-Washa akabofya huku na kule, akaikata laptopu na intaneti, akazima, akawasha. Safari hii, kwenye kioo changu, katikati ya kioo, kikatokea kikabati kidogo chenye jina la Mzee. Nilipiga makofi. Akakibofya kikabati, na kikauliza neno la siri. Zima-Washa akasema hapo hakuna tatizo, neno ni lilelile linalomwamsha Mzee asubuhi. Sote tukageuka kumwangalia wifi.

Wifi akatufukuza kutoka nyuma yake. Akainama juu ya laptopu yangu mpaka nikaogopa ataivunja, akaandika. Vidoto vikajipanga. Laptopu ikakataa. Akaandika tena taratibu. Ikakataa. Zima-Washa akajikuna kidevu, akaelewa, na kwa kweli ilionekana hataki kusema alichoelewa. Alisema laptopu hizi zina adabu mpya: ukiipa neno la siri inalifunga kwa kufuli kabla ya kulituma. Mzee kufuli hilo halijui, analiona takataka tu. Mzee anataka aambiwe neno waziwazi. Kwa hiyo litaandikwa kwenye dirisha hili jeusi alilolifungua kiooni, ambalo halifichi kitu kwa vidoto, na litaandikwa hivyo kila asubuhi kazi inapoanza.

"Waziwazi?" wifi akauliza.

"Herufi zake zote, mama. Na atakayeandika ni huyu mwenye laptopu."

Wifi akarudi nyuma hatua moja. Akasema amelisahau. Nikamwambia ameliandika sasa hivi, mara mbili. Akasema amelisahau tangu sasa hivi.

Zima-Washa, ambaye hapendi ugomvi wa familia, akasema basi labda walibadilishe. Wifi akakataa. Yule aliyekuja kuifunga mashine siku ile ya kwanza alimwambia achague neno moja la herufi zisizozidi nane, alichague vizuri, kwa sababu limeshonwa pamoja na mashine na likiguswa mashine itajifunga, na wa kuja kuifungua ni kampuni. Na kampuni ndiyo hiyo haipo. Zima-Washa akaenda chumba cha nyuma kuhakikisha. Alirudi amefunga mdomo wake, hata kuzima na kuwasha hakutaja, na hapo tukajua ni kweli.

Mkurugenzi akaja, akaelezwa. Kwanza alicheka. Kisha akambembeleza dada yake kwa majina ya utotoni. Kisha uso ukamuiva.

"Dada, kesho ni Ijumaa. Mashine iondoke kwa sababu ya neno moja?"

"Basi iondoke," wifi akasema.

Akaenda zake nyuma. Tukamsikia anakatakata nyuzi zinazoning'inia kwenye kazi za zamani, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Mkasi ulikuwa unalia kwa kasi, kata, kata, kata. Mimi nilisimama pale na sikuelewa. Huyu ndiye aliyeuliza atapumzika afanye nini. Huyu anayekikunja kitambaa cha kompyuta mara nne kila asubuhi. Alikuwa tayari kuachia kila kitu kiende kwa mtu wa vyuma chakavu, ila hilo neno tu lisitoke.

Nikawatoa wanaume. Nilimwambia Zima-Washa akanywe chai, nikamwambia Mkurugenzi akamlipie. Kisha nikaenda nyuma, nikakaa juu ya katoni ya nyuzi iliyo jirani na ile inayobeba meza, nikamuuliza wifi taratibu kama hilo neno ni jina la yule bwana. Yule wa huko alikoolewa.

Mkasi ukasimama. "Yule?" akasema. "Yule hata herufi moja simpi."

Nikacheka, na yeye akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likazimika. Akaweka mkasi mapajani.

"Linakuhusu wewe," akasema.

Nikamwambia kama ni tusi, aseme tu. Nimeshatukanwa na yeye kwa mdomo miaka yote hii, la kuandikwa litaniuma nini? Akatikisa kichwa. Si tusi, alisema. Afadhali lingekuwa tusi. Akainuka ghafla, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino, akapita mbele yangu hadi chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti changu. Kwa kidole kimoja, kwenye dirisha jeusi, akaanza kuandika. Nikasimama nyuma ya bega lake. Hakuziba kitu. H. A. T. Alikuwa anaitafuta kila herufi kama ndiyo mara ya kwanza kuiona kibodi. Mwishowe akaondoa mkono, na neno likabaki pale jeupe juu ya weusi.

HATADUMU.

Nikauliza nani hatadumu, ingawa nilishajua.

Akasema siku ile mtu wa kampuni alipokuja, mimi nilikuwa na wiki mbili nyumbani. Mtu yule alimwambia achague neno ambalo hatalisahau. Na yeye siku hizo hakuwa na neno jingine kichwani.

Sitadanganya, damu ilinichemka. Nilizifikiria asubuhi zile zote. Asubuhi nilizompelekea chai, asubuhi nilipokuwa na mimba mgongo unaniuma, asubuhi tuliyorudi kumzika mama yao na tukafungua karakana kwa sababu kazi za watu hazingojei. Asubuhi zote hizo, kabla sijaketi, yeye upande wa pili wa ukuta ameshaandika kwamba sitadumu. Halafu, sijui kilitokea wapi, kicheko kikanipanda. Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Mtu anaandika kitu miaka ishirini na kitu na kila siku kinamkana.

Wifi hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mimi nilikuwa nimetoka kushindwa," alisema. "Nikaona na wewe ushindwe, nisiwe peke yangu. Hukuondoka. Ikafika siku nikawa naliandika naona haya, na halibadiliki. Nitakuambiaje?"

Nilimwona yule mwanamke wa uani mwenye sanduku, ambaye siku ile sikumtazama mara mbili. Nilimpenda sana wifi yangu pale, na kwa kuwa sisi si watu wa kukumbatiana, nilipitisha mkono juu ya bega lake nikabonyeza kitufe cha kukubali.

Kikabati cha Mzee kikafunguka. Ndani yake mlikuwa na maua yetu yote ya miaka yote, yamejipanga. Nikachukua nembo ya shule, kitabu na jua na kuku, nikaiburuta hadi humo na kuiachia. Wifi akainuka mbio. Nikamsikia anaitafuta kule nyuma, kisha akaniita kwa ile sauti yake kubwa, akaniambia imefika, na kwamba huyu si ndege huyu. Kisha vichwa sita vikaanza kwa pamoja.

Nikafuta dirisha jeusi kabla wanaume hawajarudi. Mkurugenzi alipoingia na kusikia mvua ya mawe, alisimama mlangoni akafumba macho kwa raha, mtu yule aliyetaka fotokopi. Akauliza neno lilikuwa lipi. Tukamwambia, mimi mbele na dada yake nyuma ya ukuta, kwamba ni jambo la kati yetu. Alinuna hadi jioni. Bwana wa vyuma chakavu alipita Ijumaa kama alivyoahidi, akakuta masweta yamepangwa mpaka kwenye kiti cha wateja. Tulimpa kile kinywa cha diski kilichokufa asiondoke mikono mitupu.

Zima-Washa alirudi siku nyingine akiwa na furaha. Alisema amepata njia: ataliandika neno mara moja ndani ya laptopu, na kila asubuhi laptopu italisema yenyewe, hakuna mtu atakayelazimika kuliona tena. Wifi alitokea mlangoni kabla hajamaliza. Alisema hilo ni wazo zuri sana, lifanyike leo, lifanyike sasa hivi, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwita Zima-Washa mwanangu.

Mimi nikakataa. Nilimwambia Zima-Washa aniachie niandike mwenyewe.

Kwa hiyo kila asubuhi naikata laptopu na intaneti, nafungua dirisha jeusi, naliandika herufi zote, waziwazi. Nikimaliza nagonga ukuta mara mbili.

"Wifi," namwambia, "bado nipo."

"Nasikia," anajibu. "Lete kazi."